Jina la Biashara ya Mtandaoni Huandikishwa Mara Tano

Ukitumwa mkate jioni katika mtaa wowote wa Arusha au Moshi unaambiwa "nenda kwa Mangi", nawe unajua pa kwenda. Duka halina bango, au lina bango la soda lenye jina dogo pembeni ambalo hakuna anayelisoma. Kona ndiyo jina lenyewe. Hata sokoni Mbuyuni vinaweza kuwepo vibanda vitatu vinavyoitwa Neema na mteja asipotee, kwa kuwa kimoja kiko upande wa mchele, cha pili upande wa ndizi, na mwenye cha tatu anafahamika kwa sura.

Biashara ikihamia kwenye simu, kona haipo tena. Mteja wa Mwanza anayetafuta asali ya Kilimanjaro hajui upande wa mchele wala sura ya muuzaji. Alichonacho ni neno alilolisikia kwa rafiki au kuliona juu ya picha. Neno hilo peke yake limfikishe kwako na si kwa jirani yako, tena limpe imani ya kutuma pesa kwa mtu asiyemwona. Ndiyo maana jina ambalo lingemtosha mwenye duka la kona kwa miaka thelathini humkwamisha mwenye duka la mtandaoni ndani ya mwezi wa kwanza.

Mkwamo huo huzidishwa na jambo ambalo watu wengi hawaambiwi mapema: mtandaoni jina haliandikishwi mara moja. Huandikishwa mara tano, kwenye vitabu vitano visivyosomana. Cha kwanza ni daftari la majina ya biashara na kampuni lililo chini ya BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Cha pili ni daftari la vikoa, yaani anwani za tovuti kama zile zinazoishia na .co.tz au .com. Cha tatu ni majina ya akaunti kwenye Instagram, TikTok, Facebook na kwingineko. Cha nne ni jina linalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa. Cha tano ni daftari la alama za biashara na huduma, ambalo nalo liko BRELA lakini ni tofauti na lile la kwanza.

Kupata jina kwenye kitabu kimoja hakukupi haki kwenye kingine. Mtu anatoka na cheti chake cha BRELA mkononi, anachapisha stika elfu moja, kisha anakuta kikoa kina mwenyewe, akaunti ya Instagram ilishachukuliwa na mtu aliyeitelekeza, na kwenye malipo linatokea jina la shemeji yake. Hakuna aliyemdanganya. Ameandikisha kitabu kimoja akadhani ameandikisha vyote. Kinga ni kukagua vitabu vyote vitano siku moja, kabla hujalipia chochote na kabla hujachapisha hata stika moja.

Anza na sikio

Jina husambaa kwanza kwa mdomo, kwenye daladala, saluni, na meseji za sauti za WhatsApp. Baadaye ndipo mtu hukaa akaliandika. Kati ya sikio na kidole ndipo wateja wengi hupotelea, na Kiswahili kina mitego yake ambayo kanuni zilizotungwa kwa lugha nyingine haziigusi.

Chukua R na L. Biashara ya mapishi ikiitwa Karamu, wapo watakaoandika "Kalamu" na kuangukia kwa wauza vifaa vya shule. Fahari itaandikwa "Fahali", na huyo ni dume la ng'ombe. Ukiita duka lako Thamani, wanaotamka th kama s watawapelekea wenzao jina la "Samani", na utaulizwa bei ya makochi. H nayo huongezwa na kudondoshwa ovyo. Angalia meseji zinavyosema "hasante" na "apana", kisha jiulize jina lako litakuwaje mikononi mwa watu hao hao.

Kuna pia herufi ambazo anwani ya tovuti haizipokei. Kikoa cha kawaida hubeba herufi a hadi z, tarakimu na kistari basi. Kibainishi cha ng' hakina nafasi, hivyo jina lenye neno ng'ombe hugeuka "ngombe", na asiyelijua atalisoma kwa sauti ya ngoma. Wakazi wa Boma Ng'ombe wanaijua kero hii kwenye kila fomu ya kompyuta wanayojaza.

Mtego mwingine hujitokeza maneno yanapounganishwa. Kahawa na Arusha yakiwa mawili hayana shida. Yakiwa anwani yanakuwa "kahawaarusha", na mtu anayeandika alichokisikia ataweka A moja. Neno la kwanza likiishia na irabu ile ile inayoanza neno la pili, ama liache jina hilo, ama ujiandae kulipia vikoa viwili na kukielekeza kimoja kwenye kingine kila mwaka. Halafu kuna yanayosomeka vingine kabisa: "nunuanasi" iliyokusudiwa kuwa "nunua nasi", macho ya haraka huona nanasi.

Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Andika majina manane hadi kumi. Usiende na moja tu, kwa sababu ukiwa na moja utalitetea badala ya kulipima. Simama penye kelele, tuseme karibu na daladala za soko la Kilombero, Arusha, saa ya jioni, umpigie mtu simu. Litamke jina mara moja tu kwa kasi ya kawaida, bila kulitaja herufi kwa herufi, kisha mwombe akutumie kwa meseji jinsi alivyolisikia. Rudia kwa watu watano wa rika na maeneo tofauti, mmoja akiwa mzazi asiyependa kuandika. Jina ambalo wawili kati ya watano wamelikosea, liondoe kwenye orodha hata kama unalipenda kwa moyo wote.

Kwa wanaouza kwa wageni, na mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ina wengi kuanzia wapandishaji wa Mlima Kilimanjaro hadi wauza kahawa ya kukaanga, pima pia kwa jicho la mgeni. Neno "pole" msomaji wa Kiingereza huliona kama nguzo. "Moto" kwa Mzungu ni pikipiki. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni jina zuri na fupi, lakini mgeni akiliandika peke yake kwenye Google hukutana pia na maabara ya Japani inayoitwa hivyo hivyo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Hilo halifanyi Kibo liwe jina baya. Linamaanisha kwamba haliwezi kusimama peke yake.

Jina linaloeleza na jina linalotambulisha

Mabishano mengi ya mwanzo huwa hapa. Upande mmoja unataka jina linaloeleza bidhaa moja kwa moja: Asali Safi Moshi, Vitenge Bora Arusha. Upande wa pili unataka neno la peke yake. Wa kwanza una hoja, maana mteja haulizi unauza nini. Gharama yake huonekana baadaye. Kila neno katika jina la namna hiyo ni mali ya watu wote, na hakuna atakayekuzuia wewe kulitumia wala wewe kumzuia mwingine. Sheria ya alama za biashara nayo hudai alama iwe na upekee. Maneno yanayoeleza tu aina, ubora au mahali bidhaa inapotoka hukumbana na kikwazo hapo.

Katika utalii hali ni ngumu zaidi. Kilimanjaro, Kili, Meru, Serengeti, Safari, Simba, Twiga, Tembo: ukiyapanga maneno haya mawili mawili, karibu kila mpangilio una mwenyewe tayari. Mgeni aliyepewa jina la kampuni na rafiki yake hufungua matokeo ya utafutaji, akaona manne yanayofanana, akamwandikia wa kwanza. Kazi nzuri uliyomfanyia yule rafiki inamlipa mtu mwingine.

Mfano bora wa nguvu na mpaka wa jina uko hapa hapa jirani, Mererani. Mawe ya buluu yaliyogunduliwa pale mwaka 1967 yalikuwa na jina la kisayansi, zoisite, lililotokana na mtu wa Ulaya aitwaye Zois. Mwaka 1968 kampuni ya vito ya Tiffany & Co. ya Marekani ikayaingiza sokoni kwa jina la tanzanite, neno jipya lililobeba nchi ndani yake, rahisi kutamka na kukumbuka. Jina hilo limeuza madini yale kuliko lile la kisayansi lingeweza kufanya. Lakini lilikuja kuwa jina la jiwe lenyewe, kwa hiyo kila sonara duniani analitumia. Leo ukifungua duka la vito Arusha na kuliita Tanzanite na neno jingine la kawaida nyuma yake, hujajitofautisha na yeyote. Umetaja bidhaa tu.

Msimamo wetu ni kuchanganya. Tafuta neno moja la kutambulisha, fupi, lisiloeleza bidhaa, kisha liwekee mstari wa kueleza chini yake: "asali ya nyuki wadogo, Moshi". Mstari huo ndio utakaobeba maneno ambayo watu huyatafuta Google, nawe unaweza kuubadili bidhaa zikiongezeka. Neno la kutambulisha halibadiliki.

Lugha za hapa ni hazina ambayo haijachimbwa ipasavyo. Kihamba (shamba la ukoo) cha Wachagga, enkang (boma) ya Wamasai, majina ya mito, mafiga, vyombo, misimu. Ila nenda kwa mzungumzaji mtu mzima umuulize maana zote za neno, si moja tu. Kichagga cha Rombo na cha Machame vinatofautiana, na neno lenye heshima upande mmoja laweza kuwa na uzito mwingine upande wa pili.

Usilifunge jina kwenye bidhaa moja au mji mmoja kama una nia ya kukua. Mwenye "Vitenge Moshi" akianza kuuza viatu na kutuma mizigo kwa basi kutoka Dar, jina linaanza kumpinga. Mwaka nao usiuweke.

Siku ya kukagua

Tenga asubuhi moja yenye intaneti ya uhakika. Ukiwa na majina matatu yaliyopona jaribio la sikio, yapitishe hivi.

Kwanza yatafute Google, Instagram na TikTok, kila moja kwa tahajia sahihi na kwa zile tahajia za makosa ulizozipata kwenye meseji. Angalia pia Nairobi. Tunashirikiana lugha, na mtu wa Namanga yuko katikati ya masoko mawili. Jina la Kiswahili lililo huru Arusha laweza kuwa la duka kubwa la mtandaoni Kenya lenye matangazo yanayofika hadi kwenye simu za wateja wako.

Pili ingia mfumo wa usajili wa BRELA kwa njia ya mtandao, ule unaojulikana kama ORS, utafute kama jina limeshasajiliwa. Kufungua akaunti utahitaji namba ya NIDA. Jina linalofanana kabisa na lililopo halitapita, na maneno yanayoashiria serikali, benki au bima yana masharti ya vibali, hivyo yaepuke.

Tatu angalia kikoa. Jaribu .co.tz na .com vyote viwili. Mwenye nyumba ya wageni aangalie pia .hotel.tz. Iwapo .co.tz iko wazi lakini .com inatumiwa na biashara inayofanana na yako, shauri letu ni kuliacha jina hilo. Mteja huandika .com kwa mazoea, na madhara hayaishii kwenye tovuti: barua pepe yenye nakala ya pasipoti ya mtalii na tarehe zake za safari itakwenda kwa mgeni kabisa. Kama .com inamilikiwa na kiwanda cha nati kule Ujerumani, hatari ni ndogo, endelea.

Nne, majina ya akaunti. Hapa kuna hesabu inayookoa muda mwingi. Instagram hupokea hadi herufi 30, TikTok hadi 24, X (zamani Twitter) hadi 15 tu. Instagram huruhusu nukta, X hairuhusu. Kwa hiyo jina litakalofanana kila mahali ni lenye herufi na tarakimu tu, lisilozidi 15. Likiwa limechukuliwa, ongeza kiambishi kimoja kinachoeleweka, kama "tz" au "arusha" mwishoni, na ukitumie hicho hicho kila mahali hata pale ambapo jina tupu lilikuwa wazi. Mistari ya chini miwili, tarakimu zisizo na maana na neno "ofisho" (official) ndivyo matapeli wanavyotengeneza akaunti za kuiga. Usijifananishe nao tangu siku ya kwanza.

Tano, ulizia daftari la alama za biashara, ambalo tutalirudia hapo chini.

Jina likipita kote, tunapendekeza mpangilio ambao wengi huugeuza: lipia kikoa kwanza, fungua akaunti zote saa hiyo hiyo, ndipo uwasilishe ombi BRELA. Kikoa na akaunti ni za anayewahi, na haziwekewi mtu akiba. BRELA wakikukatalia, umepoteza ada ya kikoa kimoja tu. Ukianza na BRELA na kungoja, waweza kupata cheti cha jina ambalo mtandaoni limeshaondoka. Baada ya BRELA hufuata TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya TRA, kisha leseni ya biashara ya Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi kwa mfumo wa TAUSI, na kwa kampuni za utalii leseni ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Katika kila fomu andika jina kwa tahajia ile ile, nafasi zile zile.

Kikoa kiwe chako, si cha fundi

Hili tungependa lisomwe mara mbili. Mwenye biashara hampi fundi wa tovuti hela tu, humpa kila kitu: fundi analipia kikoa kwa barua pepe yake, anafungua ukurasa wa Facebook kwa akaunti yake, na WhatsApp Business inawashwa kwa laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mpwa. Mwaka mmoja baadaye fundi amehamia Dodoma au wamegombana, kikoa kinaisha muda, na kisheria mwenye jina kwenye daftari ni yeye.

Kabla hujamlipa, mwambie akuonyeshe taarifa za usajili wa kikoa, uone aliyeandikwa kama mmiliki ni nani na barua pepe ni ya nani. Iwe ni yako, tena isiwe anwani inayotumia kikoa hicho hicho, maana kikifungwa hutapokea hata ujumbe wa kukuonya. Kwa vikoa kama .com, msajili hutuma barua pepe ya kuthibitisha mawasiliano, na usipothibitisha ndani ya siku 15 kikoa husimamishwa. Tovuti inayozimika wiki mbili baada ya kuzinduliwa, wakati kila kitu kimelipiwa, mara nyingi chanzo ni hiki. Na .com ikipitwa na tarehe, baada ya muda wa neema wa msajili huingia siku 30 ambazo kuirudisha hugharimu zaidi ya ada ya kawaida, kisha siku 5, kisha yeyote anaweza kuichukua.

Weka daftari la karatasi lenye kila akaunti, barua pepe iliyoifungua, namba ya simu iliyounganishwa na tarehe ya kulipia tena. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na tarakimu 6 za WhatsApp asipewe mtu yeyote kwa sababu yoyote.

Jina litakalotokea

"Lipa namba hii, jina litatokea…" Sentensi hii husemwa kila siku kwenye biashara za mtandaoni za Tanzania, na ndani yake kuna sehemu ya chapa ambayo wachora nembo hawaigusi. Kabla ya kuweka namba ya siri, mteja huonyeshwa jina. Sekunde hizo chache ndipo anapoamua kama wewe ni tapeli. Ameongozwa na picha nzuri, jina zuri, kisha linatokea jina la mtu binafsi asiyemjua. Wengi huishia hapo bila kukuambia.

Hivyo "lipa namba", yaani namba ya kupokelea malipo yenye jina la biashara, si ya kusubiri duka likue. Peleka cheti cha BRELA, TIN, leseni na kitambulisho kwa mtandao wako wa simu, na umwelekeze wakala jina liandikwe vipi, herufi kwa herufi. Jina refu linaweza kukatwa katikati, na hii ni sababu nyingine ya kupenda fupi. Likishawashwa, mwombe mtu ajaribu kulipa shilingi mia tano akupigie picha ya alichokiona. Wakati unangoja, tumia laini moja tu binafsi, na uandike wazi kwenye akaunti zote jina litakalotokea. Tapeli anayekuiga anaweza kunakili picha na nembo yako, ila hawezi kulifanya jina lako litokee kwenye namba yake. Mfundishe mteja kuliangalia hilo.

Kwa wanaopokea pesa za wageni benki, jina la akaunti ya benki na lile lililo kwenye ankara viwiane. Yakitofautiana, malipo huchelewa kwa maswali ya benki na mgeni huingiwa na hofu wiki chache kabla ya safari.

Kitabu cha tano

Cheti cha jina la biashara kinasema wewe unafanya biashara kwa jina hilo. Alama ya biashara ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine kulitumia kwa bidhaa zinazofanana. Usajili wake hufuata madaraja 45 ya kimataifa: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Kahawa na asali ziko daraja la 30, nguo 25, vito 14, kupanga safari na usafiri 39, malazi na chakula 43. Kila daraja lina ombi lake na ada yake, kwa hiyo anza na lile linalokulisha. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida, na mwenye pingamizi ana siku 60. Alama hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Hiyo ni Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na daftari lake, Kenya lake.

Mipaka hii ya nchi na daraja inaeleweka vizuri kwa kisa cha Hakuna Matata. Kampuni ya Walt Disney iliomba alama hiyo Marekani mwaka 1994 na kusajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Uchungu uliozuka Afrika Mashariki mwaka 2018 tunauelewa, maana haya ni maneno ya kila mtu. Usajili ule haukuwanyima watu wa Arusha haki ya kusema wala kuuza fulana hapa. Lakini anayetaka kuuza fulana hizo Marekani kwa mtandao anaweza kukutana nao. Ndivyo lilivyo jina: huru sokoni kwako, lina mwenyewe kwenye soko la mteja wako.

Nembo, kwa kifupi

Nembo ije mwisho, jina likishasimama. Ipime katika ukubwa itakaoishi nao: duara la sentimita moja kwenye simu, ambapo kona hukatwa na maandishi madogo hufifia, na muhuri wa mpira wa rangi moja, kwa sababu muhuri bado unadaiwa kwenye ofisi nyingi. Fulana zikichapwa kwa fremu kila rangi ina fremu yake, hivyo nembo ya rangi tano ni gharama mara tano ya maandalizi. Buluu kali inayong'aa kwenye skrini hufifia kwenye stika. Chapa moja kwanza uone.

Mdai mchoraji faili la vekta (linalokuzwa bila kufifia), PNG isiyo na mandharinyuma, toleo la rangi moja, namba za rangi na jina la fonti, pamoja na maandishi mafupi ya kukukabidhi haki. Nembo iliyotengenezwa kwa michoro ya Canva iliyo tayari inafaa kwa kuanzia, lakini masharti yao hayaruhusu kuisajili michoro hiyo kama alama, maana mtu mwingine ana haki ya kuitumia ile ile.

Kama majina yameshachanganyika

Anayesoma haya akiwa tayari ana majina matatu tofauti asianze na nembo. Arekebishe kwanza jina la malipo, kwa sababu hapo ndipo pesa inapopotea leo. Kisha akaunti za mitandao: TikTok huruhusu kubadili jina mara moja kila siku 30, kwa hiyo tahajia ihakikiwe kabla ya kubonyeza. Jina la zamani likiachwa, mtu mwingine anaweza kulichukua. Lifungulie akaunti ya kulishikilia mara linapopatikana, na ndani yake weka ujumbe mmoja unaoelekeza kwenye jipya. Mabadiliko ya jina BRELA huwasilishwa kupitia ORS, na cheti kipya ndicho kitakachofungua TRA, leseni, benki na lipa namba, kwa mpangilio huo. Wenye chakula au vipodozi vilivyopita TBS (Shirika la Viwango) waulize kwanza kuhusu lebo kabla ya kuchapa mpya.

Kikoa cha zamani kielekezwe kwenye kipya kwa uelekezaji wa kudumu, na kiendelee kulipiwa miaka miwili au mitatu. Tigo Pesa ilibadilika kuwa Mixx by Yas mwaka 2024 kwa matangazo ya nchi nzima, na bado sokoni utasikia "nitumie kwa Tigo Pesa". Biashara ndogo haina matangazo hayo, kwa hiyo kwenye wasifu wa kila akaunti, chini ya jina jipya, andika "zamani tukiitwa" na jina la kale, na uliache hapo hadi wiki ipite bila mteja yeyote kukuita kwa lile la mwanzo.